Michi Minne ya Bi Khamisa

Bi Khamisa wa Ibra, ukimwambia akae tu wageni wahudumiwe na mtu mwengine, umemtukana. Tangu aje Oman kutoka Unguja, bi harusi mbichi kabisa, kahawa ya mgeni anamimina yeye. Kafanya kazi zahanati miaka chungu nzima, kazalisha nusu ya mtaa, na bado akirudi nyumbani dele la kahawa mkono huu, vikombe mkono huu, "Karibuni, tafadhalini!"

Vikombe vyenyewe vinakaa kwenye kabati lake la msaji, refu, la milango ya kusukuma pembeni. Marehemu mumewe, Khelef, alipewa na mhandisi mmoja Mdenishi aliyekuwa anarudi kwao. Limelala chini kabisa, juu ya zulia, maana enzi hizo nani alikuwa na kiti? Unakaa chini, unanyoosha mkono, unatoa vikombe. Raha!

Sasa magoti yakagoma. Daktari kasema khalas, kukaa chini basi. Siku moja Bi Khamisa kainama kutoa vikombe, akabaki vile vile kainama mbele ya wageni, mpaka mwanawe Turki akaja kumnyanyua. Aibu aliyoiona! Na Turki naye hapoi, akaagiza kabati jipya, linang'aa dhahabu kama duka la sonara.

"Mama, Alkhamisi linakuja. Hili la zamani namwita mtu alichukue."

"Na kahawa?"

"Atamimina mtumishi. Wewe upumzike."

Upumzike! Kwa Bi Khamisa ilikuwa kama kaambiwa awe mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

Lujain, binti yake Turki, akalipiga kabati picha ya kuliaga. Akaitafutia mfano wake mtandaoni, simu ikamtolea makabati ya kila aina, na moja pacha wake kabisa.

"Bibi! Bibi! Kabati yako ina mwenyewe! Kaichora mtu wa Denmark, Aksel Brandholt. Alikuwa anakaa ghorofa ya nne, kabati yake ya kwanza ikakwama kwenye ngazi, siku mbili majirani hawapiti."

"Maskini, mkewe alimgombeza huyo!"

"Ndiyo akatengeneza hii, miguu inafunguka na skrubu. Ona ilivyosimama!"

Bi Khamisa akavaa miwani. Akaitazama picha. Akaivuta simu mpaka puani.

"We Lujain, hiyo si miguu. Hiyo michi yangu!"

Kumbe! Khelef alilifungua miguu siku ile ile lilipofika ili lilingane na watu waliokaa chini, akaitia kwenye mfuko stoo. Bi Khamisa alipoukuta mfuko, miti minne laini, minene huku, myembamba kule, akajua tu Mdenishi kaleta zawadi ya michi. Wa kwanza, kile chuma cha skrubu cha juu akakifunga kitambaa, akaanza kutwangia kitunguu thumu. Mmoja akaufungia kwenye kanga, aje ampe Lujain akiolewa. Miwili akampelekea wifi yake Badriya, kule Sur, kwa fahari kubwa, michi ya Ulaya!

Akapigiwa simu Badriya.

"Shikamoo wifi. Ile michi naitaka."

"Marahaba. Umenipa kwa mkono wako, leo unaitaka? Mmoja nasukumia chapati!"

"Ni miguu ya kabati, Badriya."

Badriya akaangua kicheko mpaka simu ikakatika. Akapiga tena mwenyewe. "Njooni muichukue. Na mniletee mchi wa kweli, si mguu wa mtu!"

Turki akaendesha mpaka Aija, huko huko Sur kwa Badriya, na kurudi, njia nzima ananung'unika, mama yake kiti cha mbele, kwenda kakumbatia mchi mpya wa Badriya, kurudi miguu miwili ya kabati.

Jumatano kabati likapinduliwa. Matundu manne, yamejaa vumbi. Lujain akazungusha wa kwanza, ukaingia kama siagi. Wa pili, wa tatu. Wa nne, ule wa thumu, umeliwa na kinu miaka yote, mfupi! Kabati likasimama limeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Bi Khamisa akaenda jikoni, akarudi na kifuniko cha kopo la halua, akasema tieni hapo. Likatulia.

Na urefu wake? Kiunoni kwake barabara. Akausukuma mlango bila kuinama hata kidogo, akatoa vikombe, akamimina.

"Mama," Turki akanusa, "mbona majilisi ya wageni inanuka thumu?"

"Huo mguu. Utazoea."

"Na kabati jipya kesho linakuja!"

"Hilo tia viatu vyako." Akampa kikombe, akamwelekeza kwenye kochi. "Kaa wewe. Upumzike."