Waliombeba Melvyn Fortuin

Melvyn Fortuin alikufa kitandani kwake, soksi miguuni na mkewe Verona kwenye kiti cha pembeni. Kwenye ghorofa zetu hizi, nje kabisa ya Cape Town, mwanamume aliyewahi kuwa Kapteni akifa hivyo watu husema amebahatika. Hata mimi nilisema hivyo asubuhi ile nilipomfunika shuka, nami siyo mtu wa kusifia ovyo. Ukuta wa jikoni kwangu ndio huo huo wa chumba chao, na kwa miaka yote tuliyokaa hapa sijawahi kukosa habari za nyumba ile hata nilipotaka kuzikosa.

Makapteni ni genge la upande wetu. Ng'ambo ya Barabara ya Vygie wapo wengine, nao siwataji, sitaki kuchafua mdomo. Melvyn aliingia Makapteni kabla hajaota ndevu, wakamchora tatuu ya nanga shingoni, akawafanyia kazi zao. Zilikuwa kazi gani sitazipamba. Kuna mama mmoja ghorofa ya nyuma ambaye hakuitikia salamu ya Melvyn mpaka siku Melvyn anakufa, na wala sikuwahi kumlaumu.

Kilichomtoa ni mwanawe. Curwin alikuwa na miaka sita, anacheza ngazini na wenzake, na Melvyn akapita amebeba mkate. Akakuta mtoto mmoja amepigishwa magoti, na Curwin amemwelekezea kipande cha mti kichwani.

"Sema tena!" Curwin anafoka. "Mimi ni nani?"

"Wewe ni Melvyn," yule mtoto akajibu, kamasi zikimtiririka.

Melvyn aliketi pale pale kwenye ngazi na mkate wake, akalia kwa sauti kama mwanamke aliyefiwa. Mimi nilidhani kuna aliyepigwa risasi, nikatoka na mwiko mkononi.

Jumapili akaenda kwa Pasta Jephthas, na Jumatatu wakaongozana mpaka nyumbani kwa Gavie Arendse, mkubwa wa Makapteni. Yaliyosemwa huko Melvyn alinisimulia mwenyewe jikoni kwangu.

"Unaniacha, kaka?" Gavie alimuuliza.

"Namfuata Bwana."

"Bwana wa kweli, au wa kujifichia?"

"Wa kweli, Gavie."

"Haya, nenda. Mimi sigombanii mtu na Mungu. Lakini nisikukute na chupa. Nisikukute na bangi, wala kamari, wala nisisikie umemtukana mtu. Siku nikisikia, nitajua Mungu ulimfanyia mchezo, na mimi pia."

Basi ndivyo huku kwetu mtu anavyoruhusiwa kutoka. Anafunguliwa mlango, halafu anachunguliwa dirishani maisha yake yote. Melvyn ikambidi awe mtakatifu kuliko pasta. Kwenye harusi ya mpwa wangu alisukuma mbali bakuli la keki yenye krimu, eti inanukia mvinyo, na huku Pasta Jephthas anaongeza sahani ya pili. Vijana wakamwibia baiskeli mchana kweupe, yeye kasimama anawaambia Bwana awabariki, mishipa ya shingo imemvimba.

"Melvyn," nikamwambia, "si uwatukane kidogo tu? Hata Petro alimkata mtu sikio."

"Petro hakuwa na Gavie, Anti Sarie," akanijibu.

Tulicheka siku ile mpaka Verona akagonga ukuta.

Lakini ruhusa ya Gavie ilikuwa ya upande mmoja tu. Wale wa ng'ambo nani aliwaambia kwamba Melvyn ameacha? Pasta alijaribu, maskini. Alivuka na Biblia yake, akawaeleza, wakamsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akamuuliza, "Na kaka yangu aliyemuua naye ameacha kufa?" Pasta akaifunga Biblia, akarudi. Melvyn alikuwa ameshaichoma ile nanga kwa kijiko cha moto ili aifute, nalo kovu likabaki na umbo la nanga.

Kwa hiyo hakuvuka Barabara ya Vygie tena. Ukiijua mitaa yetu utaelewa maana yake. Soko liko ng'ambo, shule ya watoto iko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, na basi la kwenda mjini linapita huko. Melvyn akabaki huku kama kuku wa banda, anatengeneza mashine za kufulia uani, na kwenda kanisani ni hatua chache.

Na jambo moja alilishika kuliko hata Biblia. Hakutembea na mwanawe barabarani. Hata siku moja. Ndani alimkumbatia, alimfundisha hesabu, alimnyoa nywele. Nje, Curwin akitoka yeye anabaki, Curwin akirudi yeye anaingia ndani. Siku ya kwanza ya shule mimi ndiye niliyempeleka. Siku anamaliza shule, Melvyn alitazama kupitia tundu la pazia watu wakimpongeza mwanawe pale chini. Nilimwambia ni ukatili.

"Wakimwona na mimi, Anti, wamemwona," akasema. "Sasa hivi hawamjui. Acha wasimjue."

Na kweli hawakumjua. Curwin akawa yule kijana wa kanisani, mtoto wa Verona, anayejifunza kazi kwa fundi vigae ng'ambo. Ndiye mwanamume pekee wa ngazi yetu aliyekuwa akivuka Vygie anapiga mluzi. Melvyn alikuwa akiusikiliza mluzi ule kila asubuhi mpaka upotee, kisha ndipo anakunywa chai. Hicho ndicho alichokipata kwa yote aliyoyaacha, na alikihesabu kuwa kikubwa.

Halafu sukari ikampata. Ikaanza na kidonda kidoleni, kidonda kikapanda. Zahanati wakamwambia Verona hawawezi kutibu mguu wasiouona, amlete. Wakakodi gari la jirani, wakamlaza kiti cha nyuma na blanketi usoni. Hawakufika hata kwenye lango la zahanati. Kuna aliyemtambua, kioo cha nyuma kikapasuliwa kwa risasi, na dereva akarudi kinyumenyume anamwita mama yake.

Curwin alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nitakusukuma kwenye toroli. Asubuhi na mapema, hawajaamka. Niruhusu."

"Hapana."

"Utakufa, baba!"

"Sawa. Lakini wewe hutanisukuma popote."

Nilikuwa mlangoni na bakuli la supu. Nilitaka kumpiga Melvyn kwa lile bakuli, Mungu anisamehe. Mguu ulinuka mpaka kwangu. Verona alifukiza ngozi za machungwa, hazikusaidia. Siku za mwisho Melvyn alituita sisi wanawake wawili, akasema wanaume wa kanisani ndio wambebe, Makapteni wasimguse. Tukamwahidi. Tuliahidi kwa moyo mmoja, tena kwa haraka, maana tulidhani hilo ni dogo.

Jumamosi ya mazishi jeneza lililetwa nyumbani kama desturi yetu, likafunguliwa sebuleni, na mlango ukaachwa wazi. Nyumba yenye maiti haimfungii mtu mlango, awe nani. Watu wakapanda ngazi, wakamtazama, wakashuka wakajichotea biryani. Wazee sita wa kanisa walisimama ukutani na glavu zao nyeupe, tayari kubeba.

Gavie Arendse akapanda na vijana wanne. Wote suti nyeusi zilizopigwa pasi, viatu vinang'aa. Alivua kofia, akamwinamia Melvyn, akambusu kwenye paji la uso. Alikuwa analia, na sidhani alikuwa anaigiza. Hilo ndilo linaniudhi mpaka leo.

"Asante kwa kuja, Gavie," Verona akasema. "Keti unywe chai."

"Sikuja kunywa chai, mama. Nimekuja kumpeleka ndugu yangu."

"Melvyn aliwaacha. Wewe mwenyewe ulimruhusu."

"Nilimruhusu, na hakunidanganya hata siku moja. Niambie, wangapi wanaweza? Mtu kama huyo nimwache abebwe na wazee wenye magoti mabovu, kwenye ngazi hizi?"

"Ndiyo!" nikasema mimi. "Na wewe, Gavie, nimekubadilisha nepi kwa mikono hii. Shuka uende zako!"

"Kweli ulinibadilisha, Anti Sarie, nami nakushukuru," akajibu taratibu, bila hata kugeuka.

Mmoja wa wale wazee akavua glavu zake, akaziweka juu ya televisheni. Kisha wa pili. Pasta Jephthas alikuwa anatafuta wimbo kitabuni, akageuza kurasa na kugeuza, mtu anayeimba nyimbo zote kwa kichwa. Hakukuwa na bastola iliyoonekana pale. Hakuna aliyepandisha sauti isipokuwa mimi.

Hapo Gavie akamgeukia Curwin, aliyekuwa amesimama kichwani mwa jeneza.

"Mwanangu, hesabu. Tuko watano. Wa sita sikumleta makusudi. Nafasi ya mbele ni yako. Au baba yako abebwe na sisi tu, wewe ukiwa unatazama?"

"Curwin, hapana," Verona akasema. "Baba yako alikataa. Mwanangu, unajua alikataa."

Curwin alimtazama mama yake, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto niliyempeleka shule kwa mkono.

"Mama, sijawahi kutembea naye," akasema. "Hata mpaka dukani. Niache nimbebe."

Verona alimshika mkono wa koti, Curwin akauondoa mkono wa mama yake kwa upole, kidole kimoja kimoja. Jeneza likafungwa. Akainama, akashika mpini wa mbele.

Wakashuka ngazi bila hata kuyumba. Walivyofika chini, wazee walikuwa wakielekea kushoto, njia fupi ya makaburini inayopita nyuma ya kanisa. Gavie akakata kulia. Akawapitisha Barabara ya Vygie yenyewe, katikati, polepole, jeneza begani. Vijana wa Makapteni wakawa wanatoka kila uchochoro kujiunga nyuma. Ng'ambo maduka yakanyamaza. Watu wakatoka vibarazani, na wale vijana wao wakainua simu wakaanza kupiga picha. Mbele kabisa alikuwa Curwin, uso wazi, jua linampiga, machozi yanashuka, kichwa ameinua kama mtoto yeyote anayemheshimu baba yake. Nyuma yetu hewani risasi za heshima zikalia, na kila mtu wa ng'ambo akajua huyo aliyetangulia ni wa nani. Fundi vigae alikuwa kwenye kibaraza cha duka lake. Nilimwona akimtazama mwanafunzi wake, kisha akaingia ndani na kushusha mlango wa chuma.

Verona alikuwa ameshika mkono wangu. Akauachia. Alikimbia kwa viatu vyake vya kanisani, akaupita umati, akalipita jeneza bila kulitazama, akavua mtandio kichwani na kumrushia mwanawe usoni, anauvuta huku na huku, nywele zake nje mbele ya watu wote. Alitaka kumficha. Curwin akadhani anamfuta machozi.

"Niko sawa, mama," akamwambia, na kwa mkono uliobaki akautoa mtandio usoni ili aone njia.