Mvinyo wa wifi haumshuki kooni

Saa tatu asubuhi, Deolinda Quaresma ana mvinyo mdomoni na hataki kuumeza. Anausukuma shavu hili hadi lile, anavuta hewa kwa meno, kisha anautema kwenye ndoo iliyo miguuni pake. Amefumba macho. Wenzake katika ghala la ushirika wanajua kuwa wakati kama huu hasemeshwi.

"Huu uko tayari," anasema. "Wa jana bado unang'ata. Uacheni ulale."

Ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu ya umri huo ameumalizia humu, kati ya mapipa ya kijiji cha Vale da Murta, kwenye vilima vya Dão, nchini Ureno. Kazi yake ni kuonja. Asubuhi hagusi kitunguu saumu, soseji wala kahawa. Mumewe amezoea kunywa supu peke yake.

Lakini kuna mvinyo mmoja ambao, anasema, "unanikaa kooni hata nikiutema." Ni wa wifi yake, Celestina Bordalo, mjane wa kaka yake Abílio.

Baba yao aliwagawia shamba. Abílio alipata kipande cha juu, Deolinda cha chini, vyote vikiwa na mizabibu mikongwe ya Uva Cão, yaani zabibu mbwa: punje ndogo, chachu, ambazo watu walisema hazifai hata kwa siki. Deolinda aliing'oa yote, akapanda aina inayojulikana hadi Lisbon, kama walivyofanya majirani. Abílio hakung'oa. Kwa uvivu tu, anasema dada mtu.

Alipofariki, mjane akazikamua zabibu zile, akauacha mvinyo miaka minne hadi uchachu ukatulia. Sasa wageni wanapanda kilima kuufuata, na kwenye chupa pameandikwa Bordalo, jina la kwao mjane.

"Zabibu za baba yangu," Deolinda anasema. "Nilizichuma nikiwa mfupi kuliko mzabibu wenyewe. Yeye kaolewa tu hapa, hata mkasi wa kupogolea alifundishwa na mimi. Nisione wivu, kwani mimi jiwe?"

Januari iliyopita, sikukuu ya Mtakatifu Vicente, wivu huo ulimshinda. Kulikuwa na mashindano ya parokia, chupa zimefungwa vitambaa, waonjaji hawajui ipi ni ya nani. Glasi moja ilipofika puani, aliitambua: ndimu, nta ya nyuki, jiwe lililonyeshewa. Akatafuta kasoro kwa bidii yake yote. Hakuipata. Basi akasema unanuka kizibo kibovu, na kwa kuwa hakuna aliyezoea kumbishia, chupa ikawekwa kando.

Celestina alikuwa akikata mikate meza ya pili. Aliijua chupa yake hata ndani ya kitambaa. Akaja, akajimiminia, akanywa taratibu.

"Wifi, huu hauna kizibo kibovu."

"Ndivyo pua yangu ilivyosema."

"Pua yako haijawahi kukosea. Ndiyo maana nakuuliza wewe, siulizi pua."

Deolinda anasema masikio yalimwaka moto. Mwishowe akawaambia wenzake wairudishe chupa mezani, kwamba amewadanganya. Alipotaka kueleza sababu, Teodósio, mwonjaji mwenzake, alimkatiza: "Sababu tunaijua, mama. Kijiji kizima kinaijua."

Mvinyo ule ulishinda. Deolinda aliondolewa kwenye meza ya waonjaji wa parokia, na hataki kuhurumiwa kwa hilo. Kilichomuuma zaidi, anasema, ni safari ya siku chache baadaye, alipopanda kilima kumwomba wifi yake vikonyo vya mizabibu ile, akavipandikize kwake.

Celestina alimpa mkasi. "Kata utakavyo," alimwambia. "Ila visiposhika usije ukanisingizia."

Vimeshika. Aprili hii, kwenye kipande cha chini, mashina aliyoyakata na kuyaunganishia vikonyo hivyo yanachipua majani madogo yenye manyoya. Deolinda anainama kwenye kila shina, anabana kwa vidole utepe uliofunga kiungo.

Je, wivu umekwisha?

"Umekwisha wapi?" anajibu, bila kuinua kichwa. "Nataka uzee unikute na mvinyo wangu. Nauweka mezani pamoja na wake, glasi hazina majina. Na mwonjaji awe yeye, Celestina. Anywe zote mbili, aumize kichwa, halafu achague yangu."