Meza Niliyoighairi Ijumaa

Nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu pale kazini: ile sheria ya faini niliitunga mimi. Bosi ndiye aliyeibandika ukutani na kujigamba nayo kwa wageni, lakini ilitoka kinywani mwangu, siku moja nimechoka na nimetukanwa tangu asubuhi.

Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu wanaobuku meza, kwenye mgahawa ulio ndani ya bustani ya michezo, ufukweni, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Bustani ina bwawa lenye mitelezo, ina mabembea, ina treni ya watoto inayozunguka mawe makubwa, na gurudumu la kupanda juu ambalo nusu ya mwaka ni bovu. Mgahawa uko mwisho kabisa, umesimamishwa kwenye nguzo juu ya maji. Meza za ukingoni, zile unakula sato wako huku ziwa liko chini ya miguu, ni chache, na kila mtu anazitaka hizo hizo. Za ndani, karibu na jiko, hakuna anayezitaka hata ukimbembeleza.

Sasa nikwambie kitu kuhusu watu wetu: hatujui kusema siji. Mtu anapiga simu Jumatatu, "Dada, nishikie meza ya watu kumi Jumapili." Namwandika. Jumapili saa saba mchana hayupo. Nampigia. "Nipo njiani, dada yangu, nakaribia geti." Njiani gani, jamani, na mimi nasikia sufuria zinagongana jikoni kwake! Hawezi kusema haji. Anaona ni kunikosea adabu. Bora anidanganye kwa heshima, na mimi nikae na meza tupu yenye kibao cheupe kimeandikwa IMECHUKULIWA.

Na pembeni wamesimama watu wenye njaa ya kweli. Watoto wametoka kwenye bwawa wanatetemeka, mama zao wameshika taulo na mishkaki, wanakula kwa kusimama kama wako stendi. "Dada, si meza hii hapa?" Ina watu. "Watu gani, majini?" Nilitukanwa mimi, we acha tu. Siku moja mama mmoja alichukua kapu lake la nguo mbichi, akaliweka juu ya kibao, akakaa na wanawe. "Waje wenyewe wanitoe," akasema. Mwenye meza hakuja. Yule mama alikula akamaliza, akanitazama kwa dharau mpaka anatoka getini.

Ndiyo siku nilipomwendea bosi. Nikamwambia: mtu atangulize pesa. Akighairi kabla ya saa sita mchana Ijumaa, arudishiwe yote. Akichelewa, au asitokee, imeliwa. Na meza iliyolipiwa asipewe mtu mwingine, hata ikikaa tupu mpaka tunafunga, kwa sababu mwenyewe ameshailipia. Hicho kipengele cha mwisho nacho ni changu. Nilikiongeza kwa ujanja wangu, nikiogopa mtu akichelewa akute meza yake imekaliwa, tuanze ugomvi upya.

Wateja waliipa jina siku ile ile, kishika uchumba. "Mnataka kishika uchumba cha meza siku hizi?" Walicheka wiki mbili, halafu hawakucheka tena, maana ilikuwa kweli. Ijumaa ikifika saa tano, simu zangu zinalia mfululizo. Watu ambao tangu wazaliwe hawajawahi kusema siji, wakajifunza kusema siji. Meza zikafunguka. Hii ikighairiwa, baada ya dakika chache imeshachukuliwa na mwingine. Bosi akanifanya msimamizi, nikapewa kiti chenye mgongo na simu mpya. Nikavimba kichwa.

Lakini nilikuwa na macho. Wale walimu wanafunzi wa chuo cha Butimba, ambao zamani walikuja kusherehekea wenzao, sikuwaona tena. Wale michango yao inakamilika asubuhi ya shughuli yenyewe, wengine wakiwa wameshapanda gari. Watatoa wapi pesa ya kutanguliza Jumatano? Waliobaki ni wenye nazo. Na mwenye nazo, faini haimwumi. Anashika meza tatu kwenye migahawa mitatu, Jumapili anachagua pa kwenda, hizo nyingine anasema ziliwe. Basi meza tupu zikarudi, safari hii tupu zilizolipiwa, na mimi siruhusiwi hata kumkalisha mtoto mwenye baridi. Niliona yote hayo na nikanyamaza, maana ile sheria ndiyo iliyokuwa inanilisha.

Halafu baba akapiga simu.

Baba yangu anakaa Magu. Alikuwa mpima pamba enzi zake, mtu wa mizani, na hata leo akikueleza jambo anakutazama usoni kuona kama limekaa sawa. Tuko watatu kwake: kaka yangu mkubwa anayekaa Butimba, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyeko Misungwi. Hao wawili walikuwa hawasemezani. Nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu walipaswa kuwasaidia wote wawili kuoa, ndivyo tulivyokubaliana nyumbani. Kaka mkubwa akawamaliza wote kwa mahari ya mke wake. Mdogo wangu alisubiri miaka, akaoa kwa jasho lake, na hakusahau. Tulipomzika mama walisimama pande mbili za kaburi, hawakupeana hata mkono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hiyo hoteli yako ya majini ina meza ya watu kumi na wawili?"

Nikamwambia ipo moja, ukingoni. Akasema anataka tukae wote, yeye, sisi watatu, wake wawili na wajukuu sita. Mume wangu alikuwa machimboni Geita, hakuhesabiwa. "Nikiwaita hapa nyumbani hawaji," akasema. "Kila mmoja ataona nimempendelea mwenzake. Hapo ni kwako, na wale ng'ombe walikuwa wako. Nataka niwaone wanakula sahani moja, nikiwa bado naona."

Nikamweleza habari ya kutanguliza pesa. Alishangaa. "Yaani usipokuja, unalipia kutokula?"

"Ndiyo baba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nani katunga hiyo?"

"Ni ya bosi," nikasema.

Nikalipa mwenyewe, nikaandika jina la baba kwenye daftari kwa herufi kubwa. Alhamisi nikawapigia ndugu zangu. Kaka mkubwa akasema, "Tuko pamoja dada, Mungu akipenda." Mdogo wangu akasema, "Nitaangalia dada, kama hakutatokea dharura." Basi. Maneno hayo nimeyasikia kwenye simu miaka na miaka. Mungu akipenda, nitaangalia, kama hakuna dharura: nayajua ninavyolijua jina langu. Hao ni watu wasiokuja. Nilikata simu nikiwa na hasira nao, nikasema hawa hawabadiliki, watamwaibisha mzee na pesa yangu iliwe juu yake.

Ijumaa saa tano na nusu nikaighairi. Kwa kalamu yangu, mstari mmoja juu ya jina la baba. Pesa ikarudi kwenye simu pale pale. Kabla sijamaliza kunywa chai, mtu mmoja akapiga anataka meza ya watu kumi na wawili, akalipa bila kuuliza bei. Nikajiona mjanja, Mungu anisamehe.

Na baba sikumwambia. Nilisema moyoni, Jumamosi hawa watapiga na visingizio vyao, ndipo nami nitampigia mzee, "Basi baba, tuahirishe, wamepata dharura." Lawama iwe yao. Jumamosi ikapita, hakuna aliyepiga. Nikachukulia kwamba kimya chao ndilo jibu. Ona sasa: mimi niliyewafundisha watu wa mji mzima kusema siji, nilishindwa kumwambia baba yangu meza haipo.

Jumapili saa saba niko mezani kwangu na daftari, nikainua macho nikawaona wanatoka upande wa treni ya watoto. Baba mbele, na koti lake la kahawia la kanisani. Kaka mkubwa amemshika mkono. Upande wa pili mdogo wangu amembeba mtoto begani, na mtoto mwenyewe si wake, ni wa kaka. Wake zao nyuma wanaongea. Watoto wanarukaruka. Nilihesabu bila kutaka: kumi na mmoja. Wa kumi na mbili nilikuwa mimi.

Nikalifunga daftari haraka.

Baba akanisogelea, akaninong'oneza huku amejaa furaha. "Unaona? Ijumaa nilipanda basi nikaenda Butimba. Jana nikaenda Misungwi. Nikawaambia, dada yenu ameshalipa. Msipokwenda, pesa yake inaliwa. Ng'ombe wake wameshaliwa, mnataka na hiyo mwile?"

Mdogo wangu akacheka. "Mzee alitubana, dada. Tungekataa vipi?"

Sheria yangu ilikuwa imefanya kazi. Ilifanya kilichowashinda wazee wa ukoo, mchungaji na kifo cha mama. Iliwaleta.

"Haya," baba akasema akisugua viganja, "yetu ni ipi?"

Ilikuwa pale pale, ukingoni, tupu. Viti kumi na viwili na kibao cheupe. Aliyelipa hakuwa ametokea. Nikajifanya naangalia daftari, nikampigia. "Ah, dada, sisi leo tumeishia kwingine," akasema, muziki unapiga nyuma yake. Nikamwomba, kaka, basi niruhusu niwakalishe watu. Akasema hapana, iacheni tu, huenda wakapitia baadaye na keki. Huenda! Na upande wa pili wa ukumbi bosi amekaa na wageni wake, ananitazama.

Kibao kile ni cha plastiki. Mtoto wa mwaka mmoja angekiondoa. Mimi sikukigusa.

Baba alikuwa ameshaiona. Midomo yake ilikuwa inahesabu viti. "Si ile pale?"

"Ile imechukuliwa, baba."

"Na nani?"

"Kuna mtu amelipa."

"Yuko wapi?"

Nikageuza ukurasa wa daftari. Akanitazama kama anavyotazama mizani. "Na yetu? Wewe si ulilipa?"

"Niliighairi Ijumaa."

Kaka mkubwa akauachia mkono wa baba. "Uliighairi kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. Siku hiyo ya pekee ambayo uongo ungefaa, nikasema kweli. "Nilijua hamtakuja."

Wake waliacha kuongea. Kisha kaka akamgeukia mdogo wangu, taratibu. "Wewe ulimjibu nini?"

"Wewe je, ulimjibu nini?"

"Mimi nilimwambia tuko pamoja."

"Mungu akipenda, siyo? Nakujua wewe. Hata ng'ombe ulisema Mungu akipenda utarudisha!"

Ikawaka pale pale, mbele ya watu na sahani zao. Yakatoka yote, ng'ombe, kaburi, nani alichimba na nani alisimama. Mdogo wangu akamshusha yule mtoto begani, akamsukuma kidogo kuelekea kwa baba yake. Mimi nahangaika katikati, nasema jamani ziko meza mbili za ndani, za watu wanne wanne, tutabanana. Mbili, kwa watu waliokuja kula sahani moja! Hata sikujisikia ninachosema. Kaka mkubwa akachukua watu wake akaelekea getini. Mdogo wangu akasubiri mpaka waishe kabisa kuonekana, ndipo naye akachukua wa kwake.

Baba alibaki. Nilimletea kiti changu chenye mgongo, akakataa kukaa. Akaomba maji, akanywa amesimama, akanirudishia glasi kwa mikono miwili kama anavyomrudishia mtu asiyemjua. Akasema nimtafutie gari la Magu kabla jua halijaanza kushuka. Hakunigombeza. Ningelipa chochote anigombeze.

Wale wa keki hawakupita. Jioni nilikwenda kukitoa kile kibao na kuifuta meza, ingawa haikuwa na cha kufuta. Bosi akaniambia leo tumeuza meza ile bila hata kukaanga samaki, akanigonga bega. Bado nafanya kazi pale. Sheria bado iko ukutani.

Ndugu zangu hawajakaa pamoja tangu siku ile, na sasa wana jambo moja wanalokubaliana, kwamba mwenye makosa ni mimi. Nawapa haki. Baba anapokea simu zangu, anaitikia shikamoo yangu vizuri, ananiuliza habari za watoto wa bwawani na za samaki. Ila kila nikimwambia, "Baba, Jumapili nakuja," ananiuliza kwa upole kabisa, bila utani hata chembe:

"Nikuwekee kiti, mama, au nisubiri kwanza Ijumaa ipite?"