Mama wa Yule Kijana Anayepaa

Mama yangu aliwahi kusimama kanisani, kwenye ushirika wa akina mama, akaomba kijana mmoja aombewe kwa sababu ameangukiwa na daraja. Akina mama wakaomba kwa machozi. Baada ya amina mmoja akauliza kijana amelazwa hospitali gani, ikabidi nisimame mimi, mwalimu mzima, kueleza kwamba kijana mwenyewe ni wa kwenye runinga, anavaa nguo za kubana na anapaa angani. Mama hakuona aibu hata kidogo. Alisema anajua si mtu wa kweli, lakini kwenye ile hadithi mama yake alibaki amesimama getini akimngoja, na hilo lilimkosesha raha.

Ule mfululizo tuliutazama pamoja miaka mitatu, sebuleni kwangu, si mbali na Ndanai, mimi nikimtafsiria Kiingereza kwa Kipsigis huku nikisahihisha madaftari. Daraja lilipomwangukia kijana, kipindi kikaishia hapo na hakikurudi tena. Mwaka huohuo figo za Mama zikafa.

Sijui namna ya kulisema hili kwa upole. Kila Jumatatu na Alhamisi tulikwenda Bomet afungwe kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne, sindano mbili nene mkononi. Alikatazwa mursik, maziwa yetu ya mgando, alikatazwa ndizi na maharagwe, maji akapimiwa kwa kikombe. Mwanamke aliyechuna majani chai tangu usichana wake sasa aliniomba kipande cha barafu anyonye. Baada ya miezi minne akaniambia, "Nimechoka na hiyo mashine. Niache nipumzike."

Nilimfokea. Nilimwambia asiyarudie maneno hayo nyumbani mwangu. Halafu nikaenda nyuma ya zizi nikalia hadi ng'ombe wakageuka kunitazama.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba ile hadithi haikuishia kwenye daraja, waliiendeleza kwenye vitabu vya katuni. Nilivipata Kericho kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba, vinne, vyembamba, kimoja hakina jalada. Nikavipeleka nyumbani nikavishika juu kama mtu anayemwonyesha ndama chumvi.

"Yule kijana yuko hai," nikamwambia. "Lakini nitakusomea ukiwa kwenye mashine tu."

Alinitazama kwa hasira. Alhamisi ilipofika alivaa viatu mwenyewe.

Kulikuwa na shida moja. Nilikuwa nimevipekua vyote vinne, na mama wa kijana hakuwamo. Walimsahau. Kijana anatoka chini ya daraja, anapigana, anapata mchumba, anapigana tena, na hakuna hata picha moja ya yule mama pale getini. Nilikasirika kana kwamba wamemtukana mama yangu.

Basi nikamtia mimi. Kwenye vitabu hivyo maneno huandikwa ndani ya kiputo chenye mkia unaoelekea kwa msemaji, na pengine mkia huelekea nje ya picha, kwa mtu asiyeonekana. Kila nilipokuta kiputo cha namna hiyo nilisema, "Huyu ni mama yake, yuko jikoni." Mama akaridhika. Mpelelezi anayetoa amri kwenye redio nikamgeuza kuwa mama anayemwuliza mwanawe kama amekula.

Hata muuguzi akanogewa. "Kogo, hiyo story imefika wapi?" akawa anauliza akipima presha, akimwita bibi kwa lugha yetu.

"Mama yake amesema avae sweta," Mama akamjibu. "Huko juu iko baridi."

Nilisoma kurasa tatu kila safari ili zisiishe. Zikaisha. Nikarudia kitabu cha kwanza kwa maneno mapya, picha zilezile, na Mama akaendelea kusikiliza. Presha yake ilianza kushuka akiwa kwenye mashine, akawa anatapika, nami nikimaliza kumpangusa naendelea kusoma, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wagonjwa wengine wananigeukia. Nilikuwa nimekata tamaa na sikutaka ajue. Niliamini kabisa kwamba nikinyamaza atakufa.

Jumatatu moja akaweka kidole kwenye ukurasa. Kijana alikuwa amekaa juu ya paa peke yake, na hapakuwa na kiputo hata kimoja.

"Mama yake bado yuko jikoni?"

"Bado yuko."

"Huyo mama ni wewe ulimweka," akasema. Hakuwa na hasira. "Nilijua tangu kitabu cha kwanza. Umemtunza vizuri. Lakini sasa amechoka, na mtoto wake hataki kusikia. Leo amemwambia tena kwamba amechoka. Nisomee. Mtoto anasema nini?"

Nilitazama ile picha. Nilitaka kusema mtoto amekataa, ameruka kutafuta dawa, kuna kitabu cha tano na ninajua kinakouzwa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, maana kwa miezi mingi sikuwa nimefanya kazi nyingine ila kuyatunga. Mama alikuwa ananitazama midomo, ana subira, mkono wake umelala kwenye mto na mirija imejaa damu. Nilimchukia kwa kuniuliza. Nilimpenda kwa hilohilo.

"Anasema sawa, mama."

"Soma tena."

"Anasema sawa."

Akafumba macho akalala hadi mashine ilipomaliza. Alhamisi gari lilipofika kutuchukua, nilitoka nje nikamwambia dereva arudi bila sisi.