Dau la Mama Upawa Korongoni

Wasichana wa bweni ndio waliompa jina la Mama Upawa, na hawakumwonea. Maisha yake yote ya kazi alisimama nyuma ya masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani, akipakua na kufoka. "Sogea! Sahani yako iko wapi? Na hicho kidole unakitumbukiza kwenye mchuzi wa nani?" Mdomo ulikuwa mkali, lakini hakuna mtoto aliyeondoka kwenye foleni yake na sahani nusu. Mwenyewe hakuonja tonge mpaka msichana wa mwisho apite. Hiyo ndiyo sheria aliyoikuta katika jiko lile na ndiyo aliyoiacha: mpishi hukaa chini foleni ikiisha.

Kisha akastaafu. Wakampa saa ya ukutani na makofi, akarudi kwenye nyumba yake ya vyumba viwili. Mume alikuwa amemtangulia mbele ya haki zamani, na binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mtaa wa mbali. Saa ile ilimsumbua kwa mlio wake, akaitoa betri. Baada ya hapo akawa anasikia mpaka friji la jirani.

Ugomvi ulianzia bafuni. Mama Upawa aliteleza, akakaa sakafuni mpaka jirani alipomsikia akiita. Binti akaja mbio, kilemba upande.

"Mama, hamia kwangu. Chumba cha uani nimeshakipaka rangi."

"Nimeteleza, sijafa."

"Na ungekufa, nani angejua?"

Swali lilimchoma, na Mama Upawa akichomwa hurusha chochote kilicho karibu. Siku hiyo kilichokuwa karibu ni korongo. Kila mwaka wanafunzi walikuwa wakipelekwa kutembea katika korongo moja la milimani, na kila mwaka yeye aliamka alfajiri kuwafungia chakula, kisha akabaki na vyombo vya kuosha. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko.

"Nitalipita korongo lile," akasema. "Peke yangu. Nikitokea upande wa pili kwa miguu yangu, hicho chumba chako usinitajie tena mpaka naingia kaburini."

Binti akamtazama. Mtoto wa nyoka ni nyoka. "Sawa. Na ukitolewa na watu, au ukigeuza njiani, unahamia bila neno."

Wakashikana mikono kama wauza ng'ombe.

Wenye nafasi huenda huko na mwongozaji, mpagazi na hema la zipu. Yeye alikwenda na begi la shule lililosahauliwa bwenini, viatu vya mtumba, turubai, blanketi, na jiko dogo la gesi la kuazima. Dukani aliviona vile vyakula vya pakiti vya kumwagia maji moto, akaguna. "Hiki ni chakula au sumu ya panya?" Akabeba mchele na maharage makavu. Nani wa kumfundisha Mama Upawa kupika?

Langoni mlinzi alimwamkia, akachungulia nyuma yake. "Mama, mwongozaji wako anakuja?"

"Keshatangulia. Ni huo mto."

Mlinzi akacheka, akamwelekeza: fuata maji yanakokwenda, lala penye vibanda vya mawe, usijaribu kupanda kuta. Njia ni moja.

Kuta zilipanda pande zote mbili mpaka anga likabaki utepe. Hewa ya huko ni haba. Hatua chache tu na moyo unagonga mbavu. Mama Upawa alikwenda kidogo kidogo, na mwanzoni alifurahi kupita kiasi. Aliyasemesha mawe, akaukaripia mto kwa kelele, akamweleza binti asiyekuwepo mambo mengi ambayo mjini hakuyapatia majibu kwa wakati. Alasiri maneno yakamwisha. Hapo ndipo alipogundua kwamba tangu langoni hakuwa amesikia sauti nyingine ya mtu.

Jioni, mbele ya kibanda cha mawe, aliinjika maharage. Maji yakachemka upesi mpaka akajisifu. Akangoja, akaonja: changarawe. Akaongeza maji, akangoja, akaonja tena: changarawe ya moto. Huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharage unaweza kuyatokosa mpaka kiama yasilainike. Kila mpagazi analijua hilo, na mjinga anayenunua pakiti husalimika bila kulijua. Ni mpishi tu, tena mwenye kiburi cha kazi yake, ambaye angeinamia sufuria na kufoka, "Iveni, nyie! Nimeshawapika wakaidi kuliko ninyi!" Alipozinduka akamwaga maharage na kutia mchele. Gesi ikamfia mkononi, wali ukiwa na kiini.

Akapakua hivyo hivyo. Sahani ikajaa, na sufuria bado imejaa, kwa sababu mkono wake haukuwahi kujua kipimo cha mtu mmoja. Akasimama nyuma ya sufuria, mwiko mkononi.

Alisimama kitambo. Mvuke ukapungua, ukakoma, wali ukapoa, naye bado amesimama. Ndipo alipoelewa anangoja nini. Alikuwa anangoja foleni.

"Haya, njooni basi," akasema, sauti ndogo, kama anayejaribu tu.

Akalia. Hakulia kwa njaa wala kwa baridi, ingawa vyote vilikuwepo. Alilia kwa sababu nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo tangu astaafu: alikula wima kando ya sinki, akidonoa kutoka kwenye sufuria, maana kukaa chini ni kwa aliyekwisha kugawa, na yeye hakuwa na wa kumgawia. Upweke alikuwa akiuita uhuru, akimfokea kila aliyeuita kwa jina lake. Alimlilia binti yake, akakitamani kile chumba cha uani pamoja na harufu yake ya rangi, wajukuu wakigombana nje ya mlango na mtu akimwuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Alikitamani waziwazi, mzima mzima, kama mtoto.

Kesho yake alitembea na wali mbichi tumboni na lengelenge kisiginoni. Mahali ambapo kijia kinapanda kutoka korongoni alimkuta mzee mmoja akifunga magunia juu ya mmoja wa punda wake wawili.

"Bibi, unachechemea. Panda huyu mwingine, hana mzigo. Tukikaza mwendo tuko barabarani kabla ya jua kuzama. Sitaki kitu."

Mama Upawa akamtazama punda, punda akamtazama. Kupanda ilikuwa ni kushindwa dau, na kushindwa ilikuwa ni kuhamia kwa binti bila neno, jambo alilolitaka jana usiku kwa machozi. Mwenye akili angepanda. Lakini alijiwazia akishushwa kama gunia, binti akimpokea kwa huruma, na chumba kikawa cha mgonjwa. Hapana. Angetoka kwa miguu yake, ashinde, kisha aseme: nakuja, kwa sababu nimependa. Hesabu hiyo ilimpendeza sana.

"Ahsante, baba. Nenda salama."

Alilala usiku wa pili chini ya turubai, na kesho yake alasiri kuta zikaanza kushuka, mto ukatulia, akaiona barabara. Binti alikuwa amesimama kando ya gari la mumewe, macho mekundu. Alimkimbilia mama yake, akamkumbatia na begi lake na jasho lake.

"Mama, umeshinda. Nilikuwa nakuona mzee. Nisamehe." Akawageukia wauza maji wa pale kituoni. "Mnamwona huyu? Ni mama yangu! Kapita lote peke yake!"

Watu wakapiga makofi. Mama Upawa akalishusha begi mgongoni. Sema, mwanamke! Maneno yenyewe ni mawili tu: nakuja kwako. Lakini binti alikuwa akimtazama kwa fahari ambayo hakuwahi kuiona usoni mwake, na garini, kila sifa aliyoiongeza njia nzima iliyasukuma maneno yale chini zaidi. Walifika mlangoni kwake bado hajayasema.

"Kile chumba cha uani," akasema, akijifanya anatafuta funguo, "dirisha lake linatazama wapi?"

Binti akacheka, akainua kidole. "Mama! Usinijaribu. Tulishikana mikono. Neno la chumba hutalisikia kinywani mwangu tena, naapa. Wewe na nyumba yako, mpaka uchoke."

Binti alikuwa akisubiri asifiwe kwa kutimiza ahadi. Mama Upawa akamshika shavu.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Neno ni neno."

Akaingia, akafunga mlango, na humo ndani hapakuwa na wa kumwambia kwamba alitaka tu kuulizwa mara moja zaidi.