Kidole Changu Kwenye Buto ya Fonie

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi ile nilimukuta bwana yangu, Papa Sifa, anapepea makala, yale makaa ya moto ya pasi, na barua ya iniversite. Barua ya Lubumbashi, jamani! Ile ya kumupa nafasi ya kusoma lisansi, digrii yenyewe, pamoja na nyumba ya wanafunzi wenye ndoa, na imeandikwa wazi kwamba jibu lifike siku ile mbele ya saa sita ya mchana, si nyuma yake. Yeye anapepea tu, apige pasi abakosti, lile koti la wakubwa (ya kuazima), aende posta tena kuuliza kama Kinshasa wamemujibu.

"Tungojee Kinshasa, Mama Sifa. Lubumbashi tunaishika tu kwanza."

Wiki tatu wimbo ni huo huo, na miye na mutoto tunalala kwa mama mukwe, chumba kimoja na mbuzi wake.

Nikamufunga Sifa mugongoni, nikaenda parokia kwenye fonie. Kwa asiyeijua, ni redio ya kusemea na miji mingine: unabonyeza buto ya mikro, unasema, unamaliza na "avu", unaachia, njo unasikia wenzako. Na kila kituo kinasikia kila kitu, ndiyo gazeti yetu.

"Lubumbashi, hapa Kalemie! Bwana yangu ame..."

Mulango ukafunguka. Papa Sifa, juu abakosti, chini kikwembe changu (suruali ilikuwa ingali kwenye pasi), na Padri nyuma yake.

"Usikubali! Kinshasa bado!"

Miye nikikasirika mukono unakaza, na kidole kilikuwa kwenye buto. Nikamumwagia yote: kwamba Lubumbashi ameiweka kama muchumba wa akiba, kwamba barua yao inapepea makala, kwamba abakosti ni ya Papa Kalunga aliyeenda Pepa kununua ngombe na hana habari, kwamba mbuzi wa mama yake ananiheshimu kuliko yeye. Opereta, Citoyen Mwamba, alikuwa anatazama kidole changu na kuchokonoa meno. Neno hata moja hakusema!

Nilipochoka nikaachia.

"Hapa Moba," ikasema fonie. "Mama, sisi wote tunasema Lubumbashi. Avu."

"Hapa Manono. Mbuzi anakula nini? Avu."

"Hapa Pepa. Miye njo Kalunga. Abakosti inarudi lini? Avu."

Nilitamani sakafu ipasuke. Halafu sauti ya mama mumoja, baridi kama maji ya mutungi: "Hapa Lubumbashi, sekretere wa iniversite. Tumesikia habari ya makala. Nataka jibu la bwana mwenyewe. Ndiyo ao hapana? Avu."

Papa Sifa akanitazama, akatazama kikwembe, akashika mikro. "Ndiyo," akasema, "ndiyo, Mama, ndiyo!"

Taa ya fonie ikazimika mbele Lubumbashi haijasema kama imesikia. Matusi yangu yalikuwa yamemaliza betri.

Tangu siku ile sishiki mikro, hata ya kanisani. Na kama leo naandika haya hapa Lubumbashi, kwenye nyumba yenye milango miwili, bila mbuzi, ni kwa sababu ya karatasi hii niliyopeleka jioni ile ile, nakala moja parokia, nakala moja Lubumbashi kwa ndege:

"Miye Mama Sifa, wa Kalemie, ninashitaki. Kwanza, Citoyen Mwamba, opereta, aliyeona kidole changu kwenye buto muda wote na kunyamaza kwa kuwa alikuwa anafurahi. Pili, betri ya parokia, iliyokufa mbele ya saa sita, wakati bwana yangu alikuwa amesema ndiyo mara tatu. Padri na mutoto ni mashahidi. Tatu, bwana yangu mwenyewe, kwa sababu zile mulizosikia. Ninaomba ndiyo yake iandikwe. Barua yenu imeungua pembe moja tu, na ninaifunga hapa muone. Kinshasa wamejibu leo saa tisa: hapana. Musimuambie kwamba nimewaambia."