Gari la Pedali Nililomchorea Kaka Yangu

Kaka yangu hakuomba gari la ajabu. Aliomba kitu cha kumfikisha kazini bila kumuua mgongo. Maajabu niliyaongeza mimi, na nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu watu wa kwetu wakisimulia habari hii huwagawia lawama dereva wa lori na shetani, halafu mimi wananipa pole.

Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anaishi Kinoo, kwenye ploti ya mama, na kazi yake iko Kileleshwa kwenye magorofa ya kupangisha: leo lango limeng'oka bawaba, kesho grili ya dirisha imelegea. Alikuwa akienda kwa baiskeli mpaka siku alipoanguka kutoka kwenye ngazi. Tangu hapo, kuinamia usukani wa baiskeli kwa dakika kumi tu kulimtoa machozi, mwanamume mzima. Daktari alimwambia abadilishe kazi. Kaka yangu ana watoto watatu na hajui kazi nyingine, kwa hivyo akaamua kubadilisha baiskeli.

Mimi, dada yake, ni mchoraji katika ofisi ya wasanifu wa majengo kule Upper Hill. Neno mchoraji lisikudanganye. Kwa miaka tisa nimechora vyoo, ngazi za dharura na sehemu za kuegesha magari, na kila mchoro hutoka pale na jina la mtu mwingine. Basi kaka akanionyesha kwenye simu picha za magari ya pedali ya ng'ambo. Magurudumu matatu, dereva amelala chali kama mtu anayenyolewa ndevu kwa kinyozi, miguu mbele, na mwili wote umefunikwa na ganda laini lililochongoka nyuma. Hakuna injini, hakuna mafuta, ni mapaja ya mtu tu. Niliyapenda pale pale. Nilimwona kaka yangu humo, ni kweli, lakini zaidi nilijiona mimi.

Nilichora kwa miezi miwili. Yeye alichomelea fremu, na ganda tukalitengeneza kwa faiba kwa jamaa mmoja wa Kinoo anayetengeneza bampa za matatu. Siku tulipofunga kiti kwa mara ya kwanza, kaka alikaa, akanyoosha miguu, na nikaona uso wake ukilegea. Mgongo haukuuma. Halafu akageuka kutazama lori lililoegeshwa kando ya barabara, na kichwa chake kilikuwa kimo kimoja na nati za gurudumu.

"Siz, hii kitu ni fiti," akasema. "Lakini iko chini sana. Dere wa lori ataniona aje?"

"Na wale wa ng'ambo wanaonekana aje?"

"Hao wako na njia yao. Pandisha kiti kama futi moja hivi."

"Nikipandisha kiti, ganda pia lazima ipande. Itakaa kama choo ya mjengo. Na upepo itakusumbua."

Upepo! Kutoka Kinoo kuja mjini ni mteremko, na kurudi ni kupanda, na mtu anayepanda barabara kuu ya Waiyaki Way kwa mwendo wa kuku hana shida yoyote na upepo. Lakini mimi nilikuwa nimesoma mambo ya upepo, na nikayasema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kaka alifika darasa la nane. Nikamwambia tutaangalia hayo baadaye.

Baadaye haikufika, kwa sababu mama alikuwa ameshaongea na mchungaji. Kwetu chombo kipya hakitembei kabla ya kuombewa, kiwe lori, kiwe mkokoteni. Jumapili iliyofuata tulilisukuma gari mpaka uwanja wa kanisa, jekundu, linang'aa, na ibada ilipoisha kila mtu akatoka kulizunguka. Mchungaji alinyunyiza mafuta ya upako kwenye pua ya ganda, akakemea mapepo ya ajali, akafunga barabara yote kutoka Kinoo mpaka mjini kwa jina la Yesu. Akina mama walinyoosha mikono. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba ni mimi niliyelichora, na nakiri kwamba wakati wa maombi hayo nilikuwa nawaza tu jinsi lilivyopendeza.

Wiki ya kwanza kaka alikuwa mtu maarufu. Asubuhi aliteremka kama mshale, watu wakatoa simu kwenye madirisha ya matatu, watu wa boda boda wakampigia honi. Jioni ilikuwa hadithi nyingine. Alipanda mlima na chuma, faiba na vifaa vyake vyote, ndani ya ganda lenye joto la tanuri, kioo cha mbele kimejaa mvuke wa jasho lake. Ikinyesha, maji ya madimbwi yaliyorushwa na magari yalipita juu ya kichwa chake. Sehemu nyingine alishuka akasukuma, na ili kulisukuma alilazimika kuinama, kwa hivyo mgongo ule tuliouponya asubuhi tuliuvunja jioni. Hayo yote alinieleza bila kulalamika, kana kwamba anaripoti kazi ya mteja.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta uani kwa mama na grinda mkononi. Gari lilikuwa limevuliwa ganda.

"Leo lori tatu zimenifinyia kwa mtaro," akasema. "Hawanioni. Nakata hii fremu, napandisha."

Mama alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. "Unakata nini? Kitu imeombewa mbele ya kanisa nzima, unaanza kuikata na grinda? Utaambia mchungaji nini?"

Kaka akanitazama mimi. Alijua mimi si mtu wa mafuta ya upako. Alijua pia kwamba nikisema neno moja, mama atatulia, kwa sababu mama huniheshimu kwa ajili ya ile ofisi. Nami nilikuwa naangalia fremu yangu, ule mkunjo niliouchora mara kumi na moja.

"Mama amesema ukweli," nikasema. "Imeshaombewa hivyo ilivyo."

Akaweka grinda chini. Hakukasirika. Akatafuta fimbo ndefu ya mwanzi, akafunga kitambaa chekundu kwenye ncha, akaichomeka nyuma ya kiti ili ionekane juu ya magari. Ilikuwa akili nzuri, na ningekuwa na aibu kidogo ningenyamaza. Lakini huku kwetu gari lenye kitambaa chekundu ni gari la msafara wa mazishi. Mama alipiga yowe, akauliza kama anataka kujiita kaburini. Mimi nikacheka. Nikasema jamani, hebu toa hiyo matanga. Akaitoa, akaiegemeza kwenye ukuta, akarudisha ganda.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumanne, kweupe, jua limeshatoka, lori la kokoto lilikata kona kuingia barabara ya pembeni pale Kinoo. Dereva aliangalia kushoto na kulia, walioshuhudia wote wanasema hivyo. Aliona barabara tupu, kumbe kaka alikuwa pale chini. Katika chombo kile miguu ndiyo hutangulia. Nilikuwa nimeichora ile pua nyembamba, faiba tupu bila chuma hata kidogo, ili isiharibu umbo.

Kaka alipelekwa hospitali kuu ya rufaa, ambayo kutoka ofisini kwangu naiona dirishani. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Wa kushoto walijaribu kuuokoa kwa wiki mbili, wakashindwa. Kila saa ya chakula cha mchana niliteremka na kibeba chakula, nikakaa kando ya kitanda, nikamlisha uji wakati mikono ilikuwa bado na mirija. Mama alisema kama si maombi angekufa. Huenda ni kweli. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye, na pia maneno yake yalinifaa.

Wiki ya tatu alikuja afisa wa trafiki, mtu mpole mwenye daftari, kuandika maelezo. Dereva wa lori alikuwa amenyang'anywa leseni, anangoja kushtakiwa. Afisa alivuta kiti, akauliza mambo ya kawaida: alitoka saa ngapi, alikuwa upande gani wa barabara. Kisha akauliza, "Hiyo gari ilikuwa chini sana. Nani alichora?"

Kaka hakujibu. Alikuwa anatazama dari. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda, kibeba chakula mkononi, na nikaanza kukifungua kifuniko, nikakifunga, nikakifungua tena. Nilifikiria ofisi. Nilifikiria jina langu ndani ya daftari lile. Afisa aliinua kalamu, akangoja.

"Ni mimi," kaka akasema.

"Mbona ukaiweka chini hivyo?"

"Nilipenda shepu. Dere hana makosa, afande. Hangeniona. Andika hivyo."

Afisa aliandika, akamsomea, akampa kalamu aweke sahihi. Akanipa pole mimi, akatoka.

Niliweka chakula kwenye meza. Nilisubiri mpaka mlango wa wodi ukajifunga. "Nilikuwa nataka kusema," nikamwambia.

"Nilikupea nafasi," akasema, bado anatazama dari. "Nilinyamaza nikikungojea."

"Najua," nikasema.